Kitufe cha Tano Katika Urubani wa Nyumbani

Usukani wa ndege ya kweli hutii kwa kadiri: rubani akiuvuta kidogo, kibawa cha mkia huinuka kidogo, akizidi kuuvuta huinuka zaidi, na wakati wote huo mkono wake hupata habari ya upepo unaopingana nao. Kitufe cha kibodi hakijui ila hali mbili, kubonyezwa na kuachwa. Basi aliyetaka kuirusha ndege kwa vidole juu ya meza alilazimika kutatua jambo la hesabu kabla ya kufika kwenye urubani wenyewe.

Bruce Artwick, mhandisi wa Marekani aliyekuwa rubani pia, alianza kushughulika na picha za urukaji zichorwazo na kompyuta katika tasnifu yake ya mwaka 1975 huko Chuo Kikuu cha Illinois, na programu aliyoiasisi ilitolewa na Microsoft mwaka 1982 kwa ajili ya kompyuta ya IBM. Tadbiri iliyokuja kuenea katika programu za namna hii ni kwamba kitufe hakiamuru kibawa kiwe mahali fulani, bali huongeza hatua moja ndogo juu ya pale kilipo, mithili ya mwenye duka anayezidisha senti katika daftari la mdaiwa; na kidole kikiondoka, deni hubaki palepale hadi lifutwe.

Vitufe vyenyewe ni vile vya tarakimu vilivyo upande wa kuume. Cha 8 huinamisha pua ya ndege na cha 2 huiinua, jambo linalowatatiza wageni wengi, ingawa lina mantiki safi: cha 8 kipo mbali na mwili, mahali ambapo rubani angeusukuma usukani, na cha 2 kipo karibu na tumbo, mahali ambapo angeuvuta. Cha 4 na cha 6 huilaza ndege kushoto na kulia. Usukani wa mkia hupewa 0 na Enter, lakini mwenye kibodi tupu aghalabu huiachia kompyuta kazi ya kuuoanisha na vibawa vya pembeni, na hakosi sana.

Kiini cha mpango wote ni 5, kitufe kinachofuta deni. Vibawa vya pembeni havidhibiti ulalo wa ndege, bali mwendo wa kulala. Kwa hiyo ndege ikishafika nyuzi 30, ni lazima virudishwe katikati, la sivyo itaendelea kubiringika. Katika programu ya Microsoft, 5 hurudisha vibawa vya pembeni na usukani wa mkia, lakini hakigusi kibawa cha kuinua pua. Katika FlightGear, programu huru isiyouzwa, hurudisha vyote vitatu kwa pamoja. Tofauti hii yaonekana ndogo kwa asiyeruka. Hata hivyo ndege iliyolala nyuzi 30 bila kupoteza kimo hudai mabawa yake yabebe takriban asilimia 15 zaidi ya uzito wa kawaida, na ikilala nyuzi 60 hudai maradufu, na nguvu hiyo haipatikani ila pua ishikiliwe juu kwa muda wote wa kugeuka. Anayebonyeza 5 katika FlightGear akiwa kati ya kona huutupa mvuto huo wa usukani pamoja na mwendo wa kulala aliotaka kuutuliza, na kimo huanza kumponyoka. Kwa rai yangu Microsoft walifahamu zaidi hapa.

Dawa ya FlightGear ni trimu, yaani 7 na 1, ambavyo husogeza pua kwa hatua ndogo mno na wala 5 hakivifuti. Trimu ndiyo pia inayomwokoa mtu wakati wa kutua, kwani hatua za 2 ni kubwa kupita kiasi kwa ule mvuto mwororo wa mwisho juu ya njia. Afadhali kuweka mwendo kwa trimu mapema, kisha kushuka kwa kupunguza na kuongeza nguvu za injini kwa 3 na 9, na kukigusa 2 mara chache karibu na ardhi.

Kompyuta nyingi za mapajani hazina safu hiyo ya tarakimu, na wenye nazo huhamishia amri kwenye vitufe vingine. Wachague T, F, H na B, na G katikati: umbo ni lilelile, na kidole cha kati hupata kufuta bila kutafuta.