Nyumba Inayopimwa kwa Mzigo wa Punda

Familia ikilalamika kwamba nyumba imejaa vitu, ushauri wa haraka huwa ni kuongeza pa kuviweka: kabati lingine, rafu, sanduku la bati la kusukuma chini ya kitanda. Wafugaji wa Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, waliianza kazi ya kupanga nyumba upande wa pili. Boma la familia, ambalo wao huliita awi, lilihama mara kadhaa kwa mwaka kufuata malisho, na vilivyomo vilipanda mgongoni kwa punda. Mwanaanthropolojia P. H. Gulliver, aliyechapisha The Family Herds mwaka 1955, alieleza jinsi kila mke ndani ya boma alivyokuwa na makao yake, akai, yenye vyombo vyake na mifugo aliyogawiwa ya kukamua. Wanawake ndio waliojenga, kwa fito na makuti ya mkoma, na wao ndio waliofungasha. Unadhifu wa makao hayo, kwa maoni yangu, ulitokana na mambo mawili yaliyowekwa kabla kitu chochote hakijaingia ndani: ukomo wa mzigo, na mtu mmoja anayejulikana kuwa ndiye mwenye kauli juu ya vitu hivyo. Suala la mahali pa kuhifadhia lilikuja baadaye, na mara nyingi halikuja kabisa.

Tazama kisu. Mwanamume alivaa mkononi kisu cha mviringo, abarait, kama bangili, makali yakiwa yamezungushiwa ukanda wa ngozi. Akitaka kuchuna mbuzi anauvua ukanda, akimaliza anaurudisha. Kisu hicho hakihitaji rafu, hakitafutwi, na hakimngoji mtoto anayetambaa. Ekicholong, kigoda kilichochongwa kwa kipande kimoja cha mti, ni kiti mchana na mto usiku, na mwenyewe hukibeba aendako. Shanga za wanawake, mali ya thamani kweli, zilikaa shingoni. Chakula nacho kilipunguzwa ujazo: maziwa yalianikwa juani yakawa unga, edodo, na nyama ikakatwa vipande vyembamba na kukaushwa ikawa enyas. Vyombo vya maziwa vya mti, vyenye vifuniko na kamba za ngozi, viliweza kutundikwa, na hilo si jambo dogo katika nchi ambayo nge na nyoka hujificha chini ya chochote kilicholala sakafuni. Waliovibuni walielewa kwamba kitu kinachofanya kazi mbili hukiondoa kingine nyumbani.

Kalokol, takriban kilomita 60 kutoka mji wa Lodwar, ndipo hesabu hiyo ilipovurugika. Ukame ulipowamalizia watu mifugo, familia nyingi zilishuka Ziwa Turkana, zikajifunza uvuvi na kukaa mahali pamoja karibu na Ghuba ya Ferguson. Punda akatoka katika hesabu, na hakuna kilichochukua nafasi yake. Madumu yaliyotoboka, nyavu zilizochanika, magunia, masufuria yasiyo na mishikio: hakuna siku ya kuhama inayolazimisha mtu aamue. Mji huohuo una ushahidi mkubwa zaidi kwamba kujenga ghala si jibu. Norway ilifadhili kiwanda cha kugandisha samaki, kikakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980, kikafanya kazi siku chache tu kabla ya kufungwa, kwa sababu gharama ya kuendesha majokofu na kupata maji safi jangwani ilikuwa kubwa mno. Nafasi ilitangulia, na swali la kitakachoingia humo na kwa gharama gani likafuata nyuma. Familia inayonunua kabati kabla ya kujua itabaki na nini hufanya kosa lilelile kwa kipimo kidogo.

Kakuma, nako Turkana, inaonyesha upande wa mtiririko wa vitu vinavyoingia nyumbani. Katika kambi hiyo ya wakimbizi iliyoanzishwa mwaka 1992, mgao wa chakula kwa magunia uliilazimu kila nyumba kuwa stoo. Mwaka 2015 ulipoanza mpango wa Bamba Chakula, sehemu ya mgao ikawa pesa ya kwenye simu ya kununulia kwa wafanyabiashara walioidhinishwa, na unga ukaweza kukaa dukani mpaka unapohitajika. Wapo walioishia kwenye madeni ya duka, na hiyo ni hasara halisi. Hata hivyo, kona ya chumba iliyoshikwa na magunia ikapatikana bila kununua rafu hata moja.

Atatokea wa kusema kwamba ninausifu ufukara: Waturkana walikuwa na vitu vichache kwa sababu hawakuwa na uwezo. Lakini mwenye ng'ombe wengi alilalia ekicholong sawa na jirani mwenye mbuzi wachache. Utajiri wake ulitembea kwa kwato, na hakuona haja ya kuuonyesha ndani ya akai. Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Vyeti vya shule, vitambulisho na kadi za kliniki havitupwi, na nyavu ndiyo riziki. Kweli, ila vyeti vyote vya familia vinaenea katika mkoba mmoja wa kutundika, na nyavu ni zana za kazi. Boma lilitenganisha kivuli cha mchana na mahali pa kulala, na kwa mfano huohuo zana zitengwe na malazi: pahali pa nyavu ni banda la nje.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote ni kwamba utaratibu ule uliwaelemea wanawake. Wao walijenga, wakabomoa, wakapakia. Leo mwanamke wa Kalokol anaanika samaki, anasuka vikapu vya mkoma vya kuuza na kuchota maji. Kumwongezea kazi ya kupembua mali ya nyumba nzima ni kumwonea. Ila mpangilio wenyewe haukumwachia yeye kila kitu, kwani kigoda na kisu vilibebwa na mwanamume mwenyewe. Kanuni hiyo inatumika vizuri chini ya paa la mabati: kila mtu mzima awe na kapu lake moja, yeye peke yake akiwa na kauli juu yake, na likijaa achague cha kutoa kabla hajaleta kipya. Mvuvi mwenye nyavu tatu mbovu azipembue yeye, na asimwachie mkewe kuzihamisha kila anapofagia.