Bolti ilishika wapi?

Kifuniko cha themostati kwenye gari langu kimefungwa kwa bolti mbili tu. Ya juu ilifunguka kwa mkono mmoja. Ya chini ilinikalisha uani kwangu, Ngarenaro, Arusha, tangu saa tatu asubuhi hadi saa tisa kasoro, na ilipotoka ndipo nikagundua kwamba muda mrefu wa asubuhi nilikuwa nagombana na sehemu isiyokuwa na ugomvi nami.

Vifaa vilikuwa hivi: spana ya ringi namba 12, spana ya mdomo namba 11, nyundo ya nusu kilo, tupa, kipande cha bomba, mafuta ya taa niliyoyachanganya na haidroliki, mshumaa, na birika la jikoni. Mtu atauliza kwa nini sikutembea hadi Unga Limited, hapo jirani tu, fundi wa kuchomelea akabandika nati juu ya kichwa cha bolti na kumaliza kazi kabla chai haijapoa. Ana haki ya kuuliza. Ningekuwa na haraka ningekwenda.

Nianze na kosa langu. Bolti yenyewe ni M8, imeandikwa 8.8 kichwani. Ya namna hiyo hukazwa kwa takribani Nm 25, na ikinyongwa kufikia Nm 33 inaweza kukatika. Nafasi kati ya namba hizo mbili ni finyu mno. Spana ya namba 12 ina urefu wa sentimita 17 hivi. Ivute kwa nguvu ya kilo 20, ambayo mtu mzima huitoa bila hata kukunja uso, na tayari umefika Nm 33. Sasa ivike spana hiyo bomba upate mkono wa nusu mita. Kilo 7 zinatosha. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kukukatia bolti ikabaki ndani ya injini, na hapo Unga Limited utakwenda, tena kwa kuvutwa.

Haya yote nilikuwa nayajua. Bomba nikalivika vilevile.

Jirani yangu, mzee aliyeendesha malori miaka mingi, alikuwa amekaa kwenye kigoda chake akinitazama. Nilipoanza kuvuta akauliza, "Inakuja?"

"Inakuja, babu."

"Inakuja, au inajinyonga?"

Nikasimamisha mkono. Bolti inayoachia hutoa mlio mkavu, ka!, kisha mkono unakuwa mwepesi. Inayojinyonga haina mlio: unahisi ulaini kama wa mpira, spana inasogea kidogo, na ukilegeza mkono inarudi ilikotoka. Yangu ilikuwa inarudi. Nikalitoa bomba na kulitupa mbali, nisije nikashawishika tena. Lakini spana ilikuwa imekwishateleza mara moja na kula pembe mbili za kichwa.

Turudi kwenye swali ambalo nilipaswa kujiuliza mapema: bolti inashikwa na nini? Wengi tunadhani inashikwa na thredi. Hesabu ya wahandisi inasema vingine. Unapokaza bolti, takribani nusu ya nguvu yako inaliwa na msuguano chini ya kichwa, pale kinapokanyaga kifuniko. Asilimia 40 hivi inaliwa na msuguano wa thredi. Kumi tu zinazobaki ndizo zinazoibana kazi. Kwa hiyo bolti iliyogoma huwa imeshikwa kwanza kichwani, na kichwa kikiwa kimekanyaga hivyo, hakuna mafuta yanayopita. Mafuta yangu ya taa niliyoyamwaga tangu asubuhi yalikaa juu kama mvua juu ya bati, yakachuruzika chini, yakanukisha uani. Hata WD-40, ambayo watu huinyunyizia kila kitu, ilibuniwa mwaka 1953 kufukuza unyevu na kuzuia kutu kwenye makombora ya Atlas ya Marekani. Ikikuta mlango umefungwa nayo hubaki nje.

Mlango huo hufunguliwa kwa nyundo. Niliweka kipande cha chuma bapa juu ya kichwa nikagonga wima, mapigo mafupi ya kutosha kumwamsha jirani lakini si kuvunja kifuniko cha alumini. Kila pigo linaitikisa bolti, na kutu iliyo chini ya kichwa inapasuka. Halafu nikapiga tupa pande mbili za kichwa zilizoliwa mpaka spana namba 11 ikaingia kwa kugongwa, bila kucheza hata kidogo. Nikavuta upande wa kukaza kwanza, kidogo sana, kisha upande wa kufungua.

Ka!

Robo ya mzunguko. Thredi za M8 hupanda milimita 1.25 kwa mzunguko mzima, kwa hiyo kichwa kilikuwa kimenyanyuka milimita 0.3. Ni uwazi wa kuingiza wembe tu, lakini sasa mafuta yalikuwa na njia. Nikamwaga, nikangoja, nikavuta tena, na bolti ikagoma upya. Ulaini uleule wa mpira.

Ukiona hivyo, ujue kichwa kimekwisha kuachia na kuna kitu kingine kimeshika. Mimi nikasema thredi. Mzee akasema, "Tafuta katikati." Alikuwa na maana ya shingo, ile sehemu tupu kati ya kichwa na thredi, inayopita ndani ya tundu la kifuniko. Chuma ndani ya alumini, na kati yao maji.

Maji yetu nayo yana tabia zake. Ngarenaro ni jina la Kimaasai, maana yake maji meusi, na maji yanayoshuka kutoka Mlima Meru yamepita kwenye miamba ya volkano. Yana magadi na yana floraidi, ile iliyowatia watu wengi wa pande hizi rangi ya kahawia menoni. Magadi ndiyo yaliyonishughulisha mimi. Alumini hujikinga kwa ngozi nyembamba sana ya oksaidi, na ngozi hiyo hudumu maji yakiwa na pH kati ya 4 na 8.5 hivi. Maji yakizidi hapo kwa ukali wa magadi, ngozi inayeyuka na alumini inaanza kuliwa. Anayepika makande kwa magadi kwenye sufuria ya alumini ameyaona haya bila somo la kemia: sufuria inageuka nyeusi. Ongeza kwamba chuma na alumini vikikutana ndani ya maji yenye chumvi hugeuka kuwa betri ndogo, na katika betri hiyo anayeliwa ni alumini. Mabaki yake ni unga mweupe, na unga huo unachukua nafasi kubwa kuliko alumini iliyoutoa. Tundu linajibana lenyewe.

Gari langu lilikuwa limeongezwa maji ya bomba kwenye rejeta kwa miaka, na mimi nikiwemo kati ya waliomimina.

Dawa ya shingo iliyobanwa ni joto, lakini sikutaka moto. Chini ya boneti kuna mipira na mabomba ya mafuta, na mimi mwenyewe nilikuwa nimemwaga mafuta ya taa kila mahali. Ndipo birika likaitwa. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, kwa hiyo maji hapa huchemka kwenye nyuzi 95, si 100. Hata hivyo yanatosha. Nilifunika altaneta kwa mfuko wa plastiki, nikazungushia kifuniko kitambaa, nikamimina polepole juu ya alumini, nikijitahidi kuikwepa bolti. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lile lile. Kwa tundu la milimita 8 lililopanda nyuzi 60, tofauti kati ya tundu na shingo ni milimita 0.005 tu. Unywele wa mtu una unene wa mara kumi na zaidi ya hapo. Lakini kilichobana ni unga, na unga hauhitaji nafasi kubwa ili upasuke.

Birika la pili lilipoisha nilikausha haraka nikagusisha mshumaa kwenye ukingo wa kichwa. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 60 hivi. Niliiona ikigeuka maji, ikazunguka kichwa, kisha ikanywewa ndani na kupotea. Hapo nikaanza mchezo wa kwenda na kurudi: kufungua robo, kukaza nusu ya robo, kufungua tena, nta, nyundo kidogo, kufungua. Hakuna ushujaa katika hatua hii na haina haja ya kuelezwa zaidi. Ni uvumilivu na mgongo unaouma. Ukiifululiza kufungua, unga unajikusanya mbele na kubana upya, ndiyo maana ya kurudi nyuma.

Ilipotoka nikaifuta na kuitazama mwangani. Thredi zilikuwa safi, zinang'aa, bado na alama ya mafuta ya kiwandani. Shingo ilikuwa imevaa soksi nyeupe ngumu, kama ukoko wa uji uliokaukia mwiko. Mzee aliishika, akaikwangua kwa ukucha, akanirudishia bila neno.

Kilichobaki kuelezwa ni ile ya juu iliyofunguka kwa mkono mmoja. Umri uleule, chuma kilekile, maji yaleyale. Gasketi ndiyo iliyotoa jibu: juu ilikuwa nzima, chini ilikuwa imeliwa kipande cha ukubwa wa ukucha, pembeni kabisa mwa tundu la bolti. Maji yalikuwa yakivuja hapo tone kwa tone, yakikauka kwa joto la injini na kuacha magadi yake. Kwa hiyo sikununua bolti tu. Nilinunua gasketi na kulanti ya kuchanganywa tayari, nikapiga msasa tundu, nikapaka shingo na thredi grisi nyembamba, na nikakaza kwa mkono mwepesi kuliko kawaida, maana grisi inapunguza msuguano na kufanya nguvu ileile ibane zaidi. Baada ya siku mbili za kwenda na kurudi Usa River nilipitisha karatasi laini chini ya kifuniko injini ikiwa imepoa. Ilitoka kavu.