Mstari wa Kwenda Mtae

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita zipatazo 33 za lami, na karibu mita 1,000 za kupanda. Hapo hakuna wa kupotea. Barabara ni moja, inajikunja na mlima kupitia Soni. Kompyuta ya baiskeli huanza kuhitajika baada ya Lushoto, lami ikiisha, kwenye vumbi la kwenda Mtae, ambako vijia vya wakulima vinakata kila bonde.

Mara ya kwanza kuibeba, ilinitoa barabarani ikanishusha kwenye kijia cha kwendea mtoni. Saa nzima nilisukuma baiskeli kurudi juu, mizigo ikining'inia kwenye keria. Kifaa hakikuwa kibovu. Kilitii nilichokiagiza usiku uliotangulia bila mimi kujua.

Faili la GPX linaweza kubeba njia kwa namna mbili. Ya kwanza ni vituo vichache tu: Lushoto, kijiji hiki, kijiji kile, Mtae. Baina ya vituo, kifaa hujitafutia chenyewe pa kupita kwa kusoma ramani iliyomo ndani. Ya pili ni mstari wenye mamia ya nukta zilizokaribiana, na kifaa huufuata kama ulivyo. Mimi nilipakia vituo. Ramani ilikuwa ya OpenStreetMap, inayochorwa na watu wa kujitolea tangu 2004, na waliochora Usambara hawakukosea: kijia kipo, watu hupita kila siku na ndoo kichwani. Ila nilikuwa nimechagua baiskeli ya milimani kwenye mipangilio, na kwa chaguo hilo kijia cha miguu kilihesabika kuwa njia halali, tena ya mkato.

Siku hizi mstari nauchora mwenyewe, kwenye kompyuta ya mezani, nikiwa nimewasha picha za setilaiti. Natafuta weupe wa vumbi wenye upana wa gari na mabati ya nyumba pembeni, kwa kuwa penye mabati mengi hapakosi duka, na penye duka hapakosi maji. Kila siku ya safari naipa faili lake, kwa jina la kijiji nitakacholala, na gesti naiwekea alama. Kisha nazima kabisa kile kipengele cha kupanga njia upya. Kisipozimwa, ukichepuka mita 100 kutafuta chai, kifaa kinabuni njia nyingine na kuuacha mstari wako. Nakitaka kilie tu kwamba nimetoka. Kurudi nitarudi mwenyewe.

Ramani ipakiwe nyumbani, na ihakikiwe nyumbani. Zima simu, isogeze ramani kwenye skrini ya kifaa hadi Lushoto, uone kama barabara zinatokea. Ukiona uwanja mtupu wenye jina la mji katikati, ramani haimo.

Kurekodi nakuweka kila sekunde 1. Nukta zikiachana sana, zile kona za Soni zinakatwa kwa mistari iliyonyooka, na jioni umbali unaosomeka unapungukiwa na ulioukanyaga. Chaji inayoongezeka kuliwa naifidia kwa kupunguza mwanga wa skrini. Kwenye skrini naacha ramani, mwinuko wa njia, mita za kupanda zilizosalia na saa. Kasi naiondoa. Mlimani na mizigo haikusaidii kuamua lolote.

Kimo kinahitaji uangalizi zaidi, maana vifaa vingi hukipima kwa mgandamizo wa hewa. Karibu na usawa wa bahari, hektopaskali 1 ikishuka, kifaa kinadhani umepanda takribani mita 8. Huku juu kinadhani zaidi ya hapo. Na katika nchi zetu za tropiki mgandamizo una mawimbi yake ya kila siku: hupanda hadi kama saa nne asubuhi, halafu hushuka hadi kama saa kumi jioni, tofauti ikifika hektopaskali 3 hivi. Nimeshuhudia hayo Mtae, pale kijiji kinapoishia ukingoni na tambarare za Mkomazi zimelala chini. Baiskeli imeegemea ukuta tangu mchana, haijasogezwa, lakini namba inapanda mita moja moja, hadi ishirini na ushei. Kwa hiyo alfajiri, kabla ya kufunga mizigo, nakiandikia upya kimo cha pale nilipolala.