Kitabu Kimoja, Chapa Nyingi

Mpenzi wa The Lord of the Rings aliyekwisha kuisoma mara tano hununua nakala nyingine, yenye jalada la ngozi na picha za rangi, na jirani yake humcheka. Maneno ni yale yale. Basi fedha imekwenda wapi? Swali hili si la sokoni tu. Ni la uhakiki pia, maana mwandishi wa hadithi hiyo mwenyewe alizishuku picha katika hadithi za ajabu.

J. R. R. Tolkien alilieleza jambo hilo katika mhadhara alioutoa Chuo Kikuu cha St Andrews mwaka 1939, uliochapwa mwaka 1947. Kwa rai yake, mtu asikiapo neno mlima huuona mlima wake mwenyewe, uliofanyika kwa milima yote aliyopata kuiona. Mchoraji humpa mmoja tu. Hoja hii ni nzito. Lakini huyu huyu alikuwa ameichorea The Hobbit ya 1937 kwa mkono wake, na katika The Lord of the Rings alitaka kurasa tatu za Kitabu cha Mazarbul zichapwe kama alivyozitengeneza: zimeunguzwa kingo, zimetobolewa, zimetiwa madoa mfano wa damu. Gharama ilizuia. Hazikuwamo katika chapa ya 1954. Zilitiwa katika chapa ya kutimiza miaka 50, mwaka 2004. Hapo anasa si pambo. Ni deni lililolipwa miaka 31 baada ya mwenyewe kufa.

Hatari ya picha yaonekana vema kwa Gollum. The Hobbit ilipotoka haikutaja kimo chake. Tove Jansson, alipoichorea tafsiri ya Kiswidi ya 1962, alimfanya jitu refu kuliko Bilbo mara nyingi, wala hakuvunja neno lolote lililoandikwa! Katika chapa ya 1966 Tolkien aliongeza neno la kumfanya mdogo.

Je, mkusanyaji wa chapa nyingi amefungwa zaidi kuliko msomaji wa chapa moja? La. Picha moja hutawala. Picha mbili hugombana. Chapa ya Folio Society ya 1977 ina michoro ya Margrethe, malkia wa Denmark tangu 1972 hata 2024, aliyejificha chini ya jina la Ingahild Grathmer, nayo ilichorwa upya na Eric Fraser kwa wino mweusi, mistari mizito, watu wakakamavu kama waliochongwa katika mti. Chapa ya 1991 ina picha 50 za rangi za maji za Alan Lee: ukungu, mawe ya kale, na wasafiri wadogo mbele ya milima. Lee amemwelewa mwandishi zaidi, kwa kuwa nyuso huziacha mbali mara nyingi. Lakini mwenye chapa zote mbili hawezi kuamini kwamba Moria ni ya mmoja wao. Msomaji wa Lee peke yake yamkini ataamini hivyo.

Wako pia wanunuao chapa ya fahari wakaiacha katika karatasi yake ya nailoni, bei isishuke. Hao hawamo katika mjadala huu wa picha, kwani hawajaiona hata moja. Na kurasa za Mazarbul, zilizongojewa miaka 50, zingali zimefungwa rafuni mwao.