Gololi Inayotumwa Chini ya Kisima

Mkazi wa Kibera au Kawangware anajua bomba la plastiki likiziba hufanya nini. Mabomba hayo hupita juu ya ardhi, kando ya mitaro, viungo vyake vimekazwa kwa vipande vya tyubu. Kokoto ikinasa ndani na maji yakazidi kusukumwa, kiungo dhaifu kuliko vyote hufyatuka. Wachimbaji wa mafuta hufanya jambo hilo hilo makusudi, ila wao wameshaamua mapema kitakachokatika.

Visima vya maji ambavyo Nairobi Metropolitan Services (NMS) ilianza kuchimba mwaka 2020 katika mitaa ya mabanda ya Nairobi havina haja ya ujanja huu: pampu huteremshwa pamoja na waya wake wa umeme, ikiharibika inavutwa juu. Kisima cha mafuta ni habari nyingine. Ngamia-1 kule Turkana, ambacho Rais Mwai Kibaki alikitangazia taifa Machi 2012, kilipita mita 2,300. Kwenye kina kama hicho, utafunguaje kifaa kilicho mwishoni mwa bomba la chuma lililojaa tope la kuchimbia?

Unadondosha gololi. Mafundi hufungua kiungo cha bomba juu, wakaitumbukiza, wakafunga. Ikiachwa ishuke kwa uzito wake, huenda ikachukua nusu saa au zaidi. Kisima kikiwa kimelala, pampu iliyo juu ndiyo huisukuma. Chini inakuta kiti, yaani pete yenye tundu dogo kuliko yenyewe, inakaa na kuziba njia. Kiti kimo ndani ya silinda inayoweza kuteleza, lakini imeshikwa na pini za shaba.

Tuchukue tundu la upana wa sentimita 5: eneo lake ni kama sentimita 20 za mraba. Pampu ikiongeza bar 100, kiti kinabeba karibu tani 2. Ikiwa kila pini hukatika kwa nusu tani, weka nne. Na lile tope, ambalo kwa kina hicho lina zaidi ya bar 200? Halihesabiwi, kwa kuwa linakandamiza sawasawa juu na chini ya kiti. Kwangu mimi, akili yote imo kwenye pini. Gololi hubeba amri tu.

Juu, geji hupanda, kisha hushuka ghafla: silinda imeteleza, kifaa kimefunguka. Mwenye pupa akiipeleka gololi kwa kasi, hugonga kiti kwa kishindo na pini zikakatika kabla ya wakati.

Vifaa vikiwa vingi, viti hupanuka kadiri unavyopanda, na gololi ndogo hutangulia kwenda kiti cha chini kabisa. Siku hizi zipo za aloi ya magnesi, ambazo huyeyuka zenyewe kwenye maji ya chumvi. Lakini ile ya chuma, kubwa ikitangulia ndogo, viti vyote vya chini vimefungiwa njia, na huenda ikabidi kuteremsha kekee kwenda kuisaga.