Jahazi Kuukuu Mbele ya Fundi

Mtu anayetaka kununua jahazi kuukuu hutazama rangi, tanga na mlingoti. Fundi vitu hivyo havimshughulishi. Tanga hushonwa, mlingoti hubadilishwa, na rangi mara nyingi ndiyo inayoficha maradhi. Matondoni, kijiji cha kisiwa cha Lamu ambacho watu wake wameunda vyombo kwa vizazi vingi, nimewatazama mafundi wakikagua majahazi ya zamani, na kwangu mimi hapo ndipo ufundi wao unapofika kileleni. Anayeunda chombo kipya huiona kila mbao kabla ya kuipigilia. Anayepima cha zamani hutakiwa ajue hali ya miti ambayo nusu yake imefichika.

Chombo hupandishwa ufukweni wakati wa bamvua. Maji yakipwa kinabaki mchangani, kimetiwa gadi huku na huku kisilale ubavu. Fundi hakimbilii kukishika. Husimama mbali nyuma ya tezi, kisha huzunguka hadi omo, jicho likifuata mkuku. Chombo kilichochoka huinamisha ncha zake mbili, katikati kikabaki kimeinuka. Mkuku ukishapinda hivyo, maungio yamelegea kote, na kalafati utakayoitia leo bahari itaitoa kesho. Mafundi wengine huishia papo hapo.

Mkuku ukiwa umenyooka, ndipo nyundo inapotoka. Hugonga, akasikiliza, akasogea. Mti mzima hujibu kwa mlio mkavu. Uliooza hutoa sauti nzito isiyofika mbali. Sauti ikibadilika, hurudi nyuma shubiri moja na kugonga tena, mpaka aupate mpaka wa uozo, kisha huuchora kwa kipande cha kaa. Asiyejua angeanza kugonga chini, panapozama. Fundi huanzia juu, kwenye vipembe vya tezi na kila mahali mvua inapotuama, maana mti huozeshwa zaidi na maji ya mvua kuliko ya chumvi.

Chini kuna adui mwingine, yule kiumbe wa baharini anayetoboa mbao. Umbo lake ni la mnyoo, lakini ni wa jamii ya chaza na kome. Huingia akiwa mdogo mno, akakulia ndani, na tundu la nje likabaki dogo kama la sindano hata mbao ikiwa imeliwa yote. Ndiyo sababu vyombo huchomwa ubavu kwa makuti makavu na kupakwa deheni, na ndiyo sababu fundi humuuliza nahodha kwa upole, lakini bila kumwachia, mara ya mwisho alifanya hivyo lini. Jibu la kubabaisha nalo ni kipimo.

Kisha hung'oa msumari mmoja. Nimewahi kuushika msumari wa aina hiyo: kichwa kinene, ncha nzima, na katikati, pale mbao inapokutana na taruma, mti uliopinda unaoshika umbo la chombo kwa ndani, umekondeshwa na kutu hata ungeweza kuuvunja kwa vidole. Kuzunguka tundu lake mti umekuwa mweusi na laini. Mbao iliyoonekana nzima kumbe imeshikwa na mazoea tu.

Mbao lakini hubadilishwa. Linalompa fundi fikra ndefu ni mataruma. Taruma zuri hutafutwa mikokoni likiwa limepinda tayari: mkomafi au mlilana ambao tawi lake limekua kwa mkunjo uleule unaohitajika, nyuzi za mti zikiufuata mwanzo hadi mwisho. Likichongwa kutoka gogo lililonyooka, litavunjika pale nyuzi zilipokatwa. Februari 2018 serikali ya Kenya iliposimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, mikoko ya Lamu ikiwamo, mkunjo wa namna hiyo ukawa kitu cha kutafutwa kwa shida. Kwa hiyo fundi huyahesabu mataruma moja moja. Yakiwa mabovu machache, yaliyotawanyika, atayatoa kwa zamu, moja likikaa ndipo jingine litoke, na umbo la chombo halitapotea. Yakiwa mabovu yanayofuatana, hakuna tena kinacholishika umbo hilo, na kukitengeneza ni kuunda chombo kipya kwa gharama kubwa zaidi.

Hapa ndipo ninapomheshimu fundi kuliko mahali pengine popote. Riziki yake ni matengenezo. Angeweza kusema kinafaa, akalipwa msimu mzima wa kusi kwa kutia viraka, na mwenye chombo asigundue mpaka kaskazi irudi. Fundi mwenye kujiheshimu husema hakifai, tena husema mbele ya mtu ambaye pengine alirithi chombo hicho kwa baba yake. Halafu hukaa naye na kumwonyesha kinachoweza kuokolewa: mlingoti, foromali, usukani, na mbao za mbambakofi ambazo seremala wa mjini atazinunua akatengeneze meza na milango.

Na kikifaa, bei hutajwa baada ya kaa kuonyesha kila palipo pabovu, mwenye chombo akiwa amelizunguka jahazi pamoja na fundi, ameligonga kwa mkono wake na kuisikia tofauti.