Tunda Halifi: Jina la Kifaransa na Kikapu cha Chardin

Istilahi ya Kifaransa nature morte, ikitafsiriwa neno kwa neno, hutoa 'maumbile mafu'. Tafsiri hiyo ni sahihi kileksika, lakini inapotosha usomaji wa picha za matunda.

Jina hilo linamfaa samaki aina ya taa, aliyepasuliwa na kutundikwa, katika picha ambayo Jean Siméon Chardin aliiwasilisha kwa Akademia ya Kifalme mwaka 1728. Halikifai kikapu chake cha stroberi kilichoonyeshwa Paris mwaka 1761. Humo, matunda mekundu yamerundikwa mithili ya pia. Kando yapo bilauri ya maji, maua mawili meupe, pichi na cheri. Kinachoonekana ni ukamilifu wa kuiva, siku moja kabla ya kuoza.

Kiswahili kina nyenzo za kuieleza hali hiyo. Tunda huwa bichi, bivu au bovu. Kivumishi -fu hakilihusu. Huko Kasulu na Kibondo, mgawanyo huo huongoza maisha: ndizi mbichi hupikwa, mbivu huliwa au hukamuliwa kwa ajili ya pombe. Aidha, nomino tunda inahusiana na kitenzi tunda, yaani 'chuma'. Jina lenyewe linaubeba mkono uliochuma, mkono ambao Chardin hakuuchora.

'Picha ya vitu tuli' ni tafsiri salama, ila inaufuta wakati, na wakati ndio mada ya kikapu hicho. Mfasiri wa uhakiki wa sanaa hana budi kuanzia kwenye -bivu, si kwenye -fu.